Simuleta ya gofu nyumbani kwa mashoto na wa mkono wa kulia: mwongozo kamili, kuanzia kupima chumba hadi mpira wa kwanza

Binti yangu ni mashoto. Akiwa mdogo tukienda Nakuru, kila akinyoosha ule mkono kuchukua chapati nyanyake anamwambia badilisha, mkono wa kulia jina lake linajieleza ni wa kulia chakula, na mimi nilikua nanyamaza manake hivyo ndivyo nililelewa pia. Sasa tunaishi pembeni mwa Minneapolis, huku viwanja vya gofu vinafungwa kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, kwa hivyo nikajenga simuleta kwenye gereji, yaani sehemu ya kupiga mpira halisi kwenye skrini inayoonyesha uwanja, na niliijenga kwa vipimo vyangu mimi, mtu wa mkono wa kulia. Siku ya kwanza binti amesimama upande wake, akainua fimbo, ikakwangua ukuta wa jipsamu. Akaniangalia akasema, "Baba, haina shida, nitajaribu na ule mkono mwingine." Nilikosa usingizi usiku huo. Wikendi iliyofuata nikabomoa karibu kila kitu nikaanza upya, na haya ninayoandika ni yale niliyojifunza ile mara ya pili, ili wewe ujenge mara moja tu.

Jambo kubwa ni hili, na kila hatua inarudi hapo: mpira ukae katikati ya chumba, na upande wa kushoto na wa kulia viwe sawa kabisa. Ukishaweka mpira pembeni ili kuokoa nafasi umeshaamua nani mwenye nyumba na nani mgeni, na baadaye hakuna programu itakayorekebisha hiyo.

Hatua ya kwanza: pima chumba kabla hujanunua hata tii (kijiti cha kuwekea mpira)

Ukisimama nyuma ya mpira ukitazama skrini, mtu wa mkono wa kulia anasimama kushoto mwa mpira, mashoto anasimama kulia. Kila mmoja anahitaji kama futi 3 kutoka kwa mpira hadi miguuni akiwa na draiva (fimbo ndefu ya kupiga mbali), halafu futi zingine 4 na zaidi nyuma ya mgongo wake kwa sababu fimbo inazunguka. Hiyo ni futi 7 na nusu hivi. Chumba cha mtu mmoja wa mkono wa kulia kinaweza kutosha na futi 11 kwa upana, manake upande wa pili hakuna mtu. Ukitaka wote wawili wapige pale pale unazidisha mara mbili, unapata futi 15, yaani mita 4.6. Kuna watu wanabana na 14, inawezekana kama nyinyi ni wafupi, lakini ukiwa na ukuta karibu mwili unajua, suingi (mzunguko wa fimbo) inakua fupi bila wewe kutaka, na hiyo tabia unaibeba hadi uwanjani.

Dari: futi 9 ni ya kubana, futi 10 (mita 3) ni raha. Urefu wa chumba: skrini ikae angalau futi moja kutoka ukutani, mpira futi 10 hadi 12 kutoka kwa skrini, halafu nyuma ya mpira uwe na nafasi ya suingi, na kama utatumia kifaa cha rada ongeza zaidi, nitaeleza.

Usiamini namba zangu peke yake. Chukua draiva yako ndefu zaidi, mwite mtu mrefu kuliko wote watakaocheza, asimame mahali mpira utakua, asuingi polepoleee kama mtu anaosha dari, wewe uko pembeni na tepu unaweka alama kila mahali kichwa cha fimbo kinafika karibu zaidi: dari, ukuta wa nyuma, ukuta wa pembeni. Halafu fanya yote tena upande wa pili na mashoto mwenyewe, sio wewe kujifanya mashoto. Kila alama ibaki na angalau inchi 6 za hewa.

Yangu ni gereji ya magari matatu, nikachukua ule upande wa mlango mpana, futi 18 kwa 24, dari futi 10, gari la mama watoto likabaki na upande wake na amani ikadumu. Kitu ambacho gereji inakuficha ni mlango. Zile reli zinazobeba mlango ukifunguka, na ile mota katikati ya dari na reli yake ndefu, ziko pale pale fimbo inapita. Nilimwita fundi wa milango akainua reli zipande na ukuta hadi karibu na dari, na mota tukabadilisha tukaweka ile inayofungwa ukutani kando ya mlango. Ilikua gharama ndio, lakini bila hiyo ningekua nimejenga simuleta ya kupiga ayani 7 tu, fimbo fupi kuliko draiva.

Kwa ndugu zangu mlioko nyumbani mnaotaka kufanya hivi Kiambu ama Arusha, nyinyi mna faida moja kubwa, hakuna baridi ya kuharibu vifaa vya umeme na mpira, na ukijenga banda jipya dari unaamua mwenyewe. Weka mita 3.2 usahau.

Hatua ya pili: chagua lonchi monita kwa kufikiria mashoto kwanza

Lonchi monita ni kile kifaa kinachosoma mpira (na mara nyingine fimbo) kikaambia kompyuta umepiga nini. Hapa ndio pesa nyingi inaenda na hapa ndio nyumba ya watu wa mikono tofauti inafanikiwa ama inafeli. Ziko za aina tatu.

Za rada zinakaa nyuma ya mpira, kwenye mstari wa kulenga. Garmin Approach R10 iliyotoka 2021 kwa dola 599 iko hapa, FlightScope Mevo+ pia. Kwa sababu kifaa kiko nyuma katikati, mashoto na wa kulia wote wanapiga bila kukigusa, unabadilisha tu mkono kwenye programu. Shida yake ni nafasi: Mevo+ inataka futi 8 nyuma ya mpira na futi 8 mbele, R10 kama futi 6 hadi 8 nyuma. Ndani ya nyumba mpira hauruki mbali kwa hivyo rada inapata shida kusoma mzunguko, na ndio sababu Mevo+ inatumia vibandiko vidogo vya metali kwenye mpira, na Titleist wanatengeneza mipira ya RCT yenye alama ndani ambayo rada inaiona. Nunua hiyo mipira, usibishane na rada.

Za kamera za pembeni zinakaa chini kando ya mpira zikimtazama mchezaji, kama SkyTrak na Bushnell Launch Pro. Zinasoma vizuri sana kwenye chumba kifupi. Lakini kwa mtu wa mkono wa kulia kifaa kinakaa kulia mwa mpira, na mashoto anasimama hapo hapo, kwa hivyo kila zamu ikibadilika mtu anainama anabeba kifaa anapeleka ng'ambo, analinganisha upya na mstari wa kulenga, anabadilisha mkono kwenye programu. Mkiwa wawili mnacheza mashimo 18 kwa zamu hiyo ni safari nyingi mno. Kama bajeti ndiyo inakulazimu, fanya hivi: tengeneza vibao viwili vidogo vya plaiwudi vyenye ukingo, kimoja kila upande, uvifunge na skrubu chini baada ya kulinganisha vizuri mara moja, halafu kifaa kinatua kwenye kibao bila kupima tena. Na mpange zamu, wanaopiga kwa mkono wa aina moja wafuatane. Nunua pia kikinga cha chuma cha hicho kifaa, shanki moja (mpira uliogongwa na shingo ya fimbo ukaruka pembeni) inatosha kukimaliza.

Za juu zinafungwa kwenye dari, mbele kidogo ya mpira, kama Uneekor EYE XO2, ProTee VX na TrackMan iO. Mashoto anapiga, wa kulia anapiga, hakuna anayegusa kitu, na sakafu inabaki wazi. Ni ghali kuliko zile zingine za bei ya chini, sitakudanganya, lakini kama nyumba ina mikono yote miwili na utacheza kila wiki hapa ndio ningepeleka pesa kabla ya projekta nzuri na kabla ya kompyuta nzuri. Fuata urefu wa kufunga ambao mtengenezaji ameandika, usikadirie kwa macho, na ifunge kwenye mbao ya dari yenyewe, sio kwenye jipsamu, manake ikitikisika mlango ukifungwa vipimo navyo vinatikisika. Hizi kamera hazipendi jua, dirisha la gereji liweke pazia zito.

Mimi nilianza na rada, nikaishi nayo majira mawili ya baridi, halafu nikahamia ya juu. Hiyo njia haina aibu yoyote.

Hatua ya tatu: sakafu, na hapa watu wengi wanamsahau mashoto

Sakafu ya gereji haiko sawa. Imemwagwa ikiwa na mteremko kuelekea mlangoni ili maji na theluji iliyoyeyuka itoke, kawaida kama robo inchi kwa kila futi ama nusu ya hiyo. Kwenye jukwaa la futi 10 tayari una inchi moja na zaidi. Weka levo ndefu chini kila pembe kabla ya chochote.

Jenga jukwaa la mbao za 2 kwa 4, plaiwudi ya robo tatu ya inchi juu, na chini yake vipande vyembamba vya kusawazisha hadi levo ikubali pande zote mbili, mbele-nyuma na kushoto-kulia. Jukwaa liwe pana la kumbeba mchezaji wa kila upande, mimi nililifanya upana wa futi 12. Kosa langu la kwanza lilikua kununua mkeka wa kupigia wenye sehemu ya mpira pembeni, mimi nasimama juu ya mkeka na binti anasimama chini kwenye saruji, yaani kwake kila mpira uko juu ya miguu yake kama anapiga kwenye mlima. Halafu tunashangaa mbona anavuta mipira upande mmoja!

Unachotaka ni vipande vitatu: sehemu ya kusimama, ukanda wa kupigia katikati, sehemu ya kusimama, vyote kimo kimoja. Ukanda wa kupigia ndio usiwe wa bei ya chini, manake mkeka mgumu juu ya saruji unaumiza viwiko na mikono, na mtoto anayekua hasa. Uwe laini, fimbo iingie kidogo kama kwenye nyasi, na uwe na tundu la tii katikati sio kwenye kona. Kutoka jukwaani hadi skrini tandika sponji ngumu na kapeti ya nyasi bandia ilingane na jukwaa, ndio mpira wa kuputi (wa kusukumwa chini polepole) uende bila kuruka.

Hatua ya nne: fremu, skrini na neti

Fremu nilitengeneza na mabomba ya chuma ya kupitishia waya za stima, ya inchi 1, na zile kona za kuunganisha zinauzwa mtandaoni kwa seti. Upana futi 14, urefu futi 9. Kila bomba linalotazama mchezaji livalishwe sponji nene, mpira wa draiva unaweza kupita kilomita 200 kwa saa na ukigonga chuma unarudi kwako.

Skrini iwe ile ya polyester iliyofumwa kwa ajili ya kugongwa, sio shuka ya projekta. Ifunge kwa kamba za elastiki kila futi moja hivi, na usiikaze kama ngoma. Watu wanataka picha nyororo wanavuta hadi inalia, halafu mpira unawarukia usoni. Iache itoe pumzi kidogo, chini iwe na uzito ama ikunjwe, na nyuma yake pasiwe na kitu kigumu, hata rafu ya rangi. Jaribu na weji (fimbo ya mipira ya karibu) mipira kumi kwanza, angalia inarudi vipi, legeza, jaribu tena, ndio uende draiva. Mipira iwe misafi, isiyo na mikwaruzo wala maandishi ya kalamu, iliyokwaruzwa inakata skrini kama msasa.

Sasa neti za pembeni. Shanki ya mtu wa mkono wa kulia inaenda kulia. Ya mashoto inaenda kushoto. Seti nyingi za bei nafuu na watu wengi wanaojenga wenyewe wanaweka kinga upande mmoja tu. Wewe weka pande zote mbili, kutoka kwenye fremu kurudi nyuma hadi futi 5 hivi, halafu uangalie tena kama neti haijaingia kwenye njia ya suingi ya yeyote kati yenu.

Hatua ya tano: projekta bila kivuli cha mtu

Kila projekta ina namba ya kutupa picha. Zidisha hiyo namba na upana wa picha unapata umbali kutoka skrini. Picha yangu ni futi 13, projekta ni ya 0.5, kwa hivyo 13 mara 0.5 ni futi 6 na nusu. Mpira uko futi 11 kutoka skrini, kwa hivyo projekta iko mbele ya mchezaji, juu, na hakuna kivuli. Ningenunua ya 0.8 ingekua futi 10.4, yaani karibu juu ya kichwa chake kabisa, fimbo na projekta zingekutana.

Ukisoma ushauri wa watu wengi utaona wanafunga projekta pembeni kulia ama wanaiweka chini kwenye boksi upande wa kulia, na kwao inafanya kazi, kwa sababu hakuna mtu anasimama huko. Kwako mashoto anasimama huko. Katikati, juu, mbele ya mchezaji, hakuna namna ingine nzuri. Mwite mrefu wenu amalize suingi polepole mara kadhaa kwanza na draiva uone mkia wa suingi uko mbali nayo.

Futi 13 kwa uwiano wa 16 kwa 9 inatoa kimo cha futi 7.3, inatosha kabisa kwenye fremu ya futi 9. Mwangaza usipungue lumeni 3,000, na taa zote zinazogusa skrini zizimwe. Taa ya kumulika mpira nitairudia mwishoni.

Hatua ya sita: stima, baridi na kompyuta

Hapa Marekani stima ya soketi ni volti 120. Hita ya wati 1,500 peke yake inakula ampea 12.5, na soketi za gereji mara nyingi ziko kwenye breka ya 15 ama 20. Ukiwasha hita, projekta na kompyuta ya gemu pamoja breka inaruka katikati ya shimo la 7. Mwite fundi stima mwenye leseni akuwekee hita ya volti 240 kwenye laini yake. Weka insuleshoni mlangoni na ukutani. Lonchi monita ya kubebeka usiiache gerejini usiku wa nyuzi 20 chini ya sufuri, na ukiitoa kwenye baridi kuingia joto iache ikae kabla ya kuiwasha, unyevu unatoka jasho ndani.

Kompyuta: kadi ya picha ya kiwango cha RTX 3060 kwenda juu na RAM ya GB 16, ikae nyuma ya wachezaji, sio pembeni. Programu ya mchezo mimi natumia GSPro, nililipa dola 250 kwa mwaka. E6 Connect na Awesome Golf pia ziko, na Awesome Golf watoto wanaipenda kwa michezo yake midogo.

Kwenye programu mpe kila mtu jina lake na mkono wake. Mpira wenyewe hauna mkono, ukienda kushoto umeenda kushoto hata nani amepiga, lakini data ya fimbo inategemea. Kipimo rahisi: mwambie mashoto apige slaisi (mpira unaopinda hewani kwenda upande anakosimama mashoto kinyume chake) makusudi. Inafaa ipinde kwenda kushoto, na programu iseme fimbo ilipita kutoka nje kuja ndani. Ikisema kinyume, mkono haujabadilishwa mahali fulani, angalia programu ya mchezo NA programu ya kifaa chenyewe, ni mbili tofauti.

Hatua ya saba: fimbo zake mwenyewe

Usimpe fimbo zako azigeuze. Seti ya mashoto ya mtumba inapatikana, ni kusubiri tu. Na usimwambie abadilishe mkono. Bob Charles wa New Zealand alishinda shindano la The Open 1963 akicheza kwa mkono wa kushoto, Mike Weir akashinda Masters 2003, Brian Harman The Open 2023. Phil Mickelson anafanya mengine yote kwa mkono wa kulia, gofu peke yake ndio anacheza kushoto, kwa sababu akiwa mtoto alisimama akimtazama babake na kumuiga kama kioo.

Hicho kioo ndio nakitumia. Kwa kuwa mpira uko katikati na pande ni sawa, mimi nasimama upande wangu, yeye wake, tunatazamana, fimbo chini bila mpira, nafanya suingi polepole naye ananifuata. Hahitaji kugeuza chochote kichwani. Hatukuweza kufanya hivi kwenye ile simuleta ya kwanza.

Siku ya kwanza

Chezeni mashimo 9 kwa zamu, mashoto aanze, na mtu awe na karatasi. Kila mara mtu anahamisha kitu, anasogeza mguu kukwepa kitu, ama anasubiri mwenzake abadilishe kitu, andika. Sisi tulipata mawili. Rimoti na kibodi vilikua kwenye meza ndogo upande wa kulia, mgongoni kwa binti, tukahamishia nyuma katikati. Na ile taa ya kumulika mpira niliifunga juu upande wa kulia, kwangu mpira unang'aa, kwake kivuli cha mabega yake kinaufunika kabisa na hakusema, alikua anapiga gizani. Nikanunua taa ya pili, nikazifunga moja kila upande, sawasawa na mpira.